Chupa ya uji na kadi ya kliniki

Mama yangu alifika Dodoma kutoka Tanga siku ya tatu baada ya mimi kujifungua, na mzigo wa kwanza aliofungua ulikuwa wa pilipili manga iliyosagwa, ndani ya kopo lililofunikwa kwa kitambaa. Wa pili ulikuwa chupa mpya ya chai ya lita moja na nusu, yenye maua mekundu, kwa sababu hakuamini kwamba nyumba yangu ya Nkuhungu ingekuwa na chupa inayotunza moto sawasawa. Kwa siku arobaini zilizofuata chupa ile haikukauka. Alfajiri ilijazwa uji wa unga wa lishe uliotiwa pilipili manga, siagi ya karanga na sukari, ikawekwa kwenye stuli kando ya kitanda, na kila mtoto aliposhika ziwa mimi nilishikishwa kikombe. "Kunywa, mwanangu," aliniambia. "Uji ndio maziwa."

Siandiki haya kwa kejeli. Mzazi aliyekandwa kwa maji ya moto na mama yake, akafungwa mkaja, akalala huku mwingine akipika na kufua, amepata kitu ambacho wanawake wengi wa mji huu, waliofuata kazi au waume mbali na kwao, hawakipati. Ninachotaka kueleza ni jinsi maneno yale matatu, uji ndio maziwa, yalivyonichanganyia mambo mawili ambayo hayategemeani kama tunavyodhani, yaani maziwa ya mtoto na uzito wa mama. Kuyatenganisha kulinichukua zaidi ya miezi mitatu na kulihitaji aibu kidogo mbele ya muuguzi.

Kabla ya mimba nilikuwa na kilo 58. Siku niliyoingia leba mizani ilisoma 74, na wiki moja baadaye ikasoma 68, kwa kuwa mtoto, kondo la nyuma na maji mengi ya mimba huondoka mara moja. Nilidhani zilizobaki zingeyeyuka zenyewe, maana kila aliyekuja kunipa pole alinihakikishia kwamba kunyonyesha kunakausha mwili. Siku ya arobaini nikapanda mizani ya duka la dawa, nikakuta 71. Kwa mwanamke wa mita 1.58 kama mimi, kilo hizo zinatoa BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, ya zaidi ya 28, ilhali uzito uliozidi huanza kuhesabiwa kwenye 25.

Wale waliosema kunyonyesha kunakausha mwili hawakusema uongo, ila walisema nusu. Mwanamke anayemnyonyesha mtoto maziwa yake pekee hutoa takriban mililita 750 kwa siku, na maziwa hayo hubeba nishati ya karibu kalori 500, ambayo ni kazi kubwa kwa mwili uliokaa kitandani. Sehemu ya nishati hiyo inaweza kuchotwa kwenye mafuta yaliyohifadhiwa wakati wa ujauzito, lakini mwili haukubali kuchotwa bila kudai, na namna yake ya kudai ni njaa. Aliyenyonyesha anaijua njaa ile ya saa nane usiku, inayomfanya mtu mzima asimame jikoni gizani akila wali wa jana kwa mkono, bila mboga. Ndiyo maana wako wanaokonda hadi majirani wakaulizana, wako wasiopungua hata robo kilo, na tuko sisi tulioongezeka.

Baada ya mama kurudi Tanga nilipika uji kama alivyonifundisha, safari hii nikiwa na kalamu mkononi. Chupa moja ilikuwa inakula vijiko kumi vya chakula vya sukari. Kijiko kimoja kisichorundikwa hubeba takriban gramu 12, kwa hiyo kumi ni gramu 120, na kwa kuwa kila gramu ya sukari ina kalori 4, nilikuwa nakunywa kalori 480 kabla ya adhuhuri. Niliirudia hesabu hiyo mara mbili. Sukari peke yake, bila unga, bila siagi ya karanga, bila chakula cha mchana, ilikuwa inarudisha karibu nishati yote iliyokuwa ikitoka na maziwa ya siku nzima. Kisha nikageukia mafuta ya alizeti, ambayo huku kwetu ni rahisi kuyamimina bila kufikiri kwa sababu yanakamuliwa hapa hapa na Singida jirani. Watu wazima watatu tulikuwa tunamaliza lita moja kwa siku sita. Gawanya mwenyewe, ukikumbuka kwamba kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote, hata yale yenye sifa ya kuwa mazuri kwa moyo, kina kalori zipatazo 120.

Je, uji haukuwa maziwa? Ziwa hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto anapovuta chuchu, ujumbe huenda kwenye ubongo, nao huachia homoni mbili: prolaktini inayochochea utengenezaji, na oksitosini inayoyasukuma maziwa yatoke. Maziwa yakibaki kifuani kwa saa nyingi, ziwa lenyewe hupunguza kasi ya kutengeneza. Mama anapaswa kunywa kwa kadiri ya kiu yake, na kiu hiyo ni kubwa kweli kweli katika ukavu wa Dodoma, lakini kikombe cha ziada juu ya kiu hakiongezi tone. Nilipoyaelewa haya niliiona upya picha ya chumba changu. Kila mara mama aliponishikisha kikombe, mtoto alikuwa ziwani. Kikombe kilikuwa kimepewa sifa ya kazi iliyofanywa na mtoto.

Lakini nilielewa hivyo baadaye. Kwanza nilikosea, na nilikosea kwa nguvu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Mimi nilikuwa nimetumia wiki mbili kabla ya kujifungua, hivyo nilirudi kazini mtoto akiwa na wiki kumi, nikiwa nimevaa sketi iliyofungwa kwa pini ya mtoto. Mwenzangu mmoja aliniambia kwa nia njema kabisa, "Umenawiri, mama!" Jioni ile niliacha kula. Kifungua kinywa kikawa maji ya ndimu, mchana nikawa na matango mawili kwenye mkebe, usiku nusu parachichi na chai kavu. Nikanunua na majani ya chai ya kupunguza tumbo, yanayopita ofisini kwa mkopo wa mwisho wa mwezi. Chai za namna hiyo nyingi hutiwa sena, ambayo kazi yake ni kuharisha. Kinachopungua ni maji na kinyesi, mafuta yanabaki pale pale, na mnyonyeshaji hana sababu ya kunywa dawa ambayo hata muuzaji hajui imechanganywa na nini. Siku ya tatu nilishikwa na kizunguzungu kwenye ngazi nikakaa chini hapo hapo. Chai niliiacha. Njaa niliendelea nayo, na katika wiki nne nikapungua kilo nne, nikajipongeza.

Wiki ya kumi na nne ilikuwa ya chanjo. Anayefahamu kliniki zetu anaijua ile mizani ya kuning'iniza, yenye uso kama wa saa, na ile suruali ya kupimia yenye matundu mawili ya miguu, ambayo mtoto huvalishwa akatundikwa huku analia na kuzungukazunguka. Mwanangu alizaliwa na kilo 3.1, wiki ya sita alikuwa na 4.6, wiki ya kumi 5.3. Mshale ukatulia kwenye 5.5. Muuguzi alisubiri mtoto aache kurusha miguu, akasoma tena, kisha akachora nukta kwenye kadi na kuiunga na ile ya nyuma. Mstari uliokuwa ukipanda kama mlima ukalala. Gramu 200 kwa wiki nne, katika umri ambao wengi huongeza nusu kilo na zaidi kwa mwezi.

Nilidhani ataniuliza nakula nini, nami nilikuwa nimejiandaa kudanganya. Akaniuliza jambo jingine: "Mchana ananyonya mara ngapi, mama?"

Nilikuwa natoka nyumbani saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Nilikuwa namwachia dada wa kazi chupa moja ya maziwa niliyoyakamua usiku, ambayo ilikuwa ikipungua kila wiki, na kazini sikukamua kabisa kwa kuona haya. Saa kumi kila siku, siku tano kwa wiki, maziwa yalikuwa yakiambiwa kwamba hayahitajiki. Muuguzi alinieleza hayo taratibu, akauliza idadi ya nepi zinazolowa kwa siku (mtoto anayeshiba hulowesha sita au zaidi), na mwisho, akiwa tayari anaandika tarehe ya kurudi, akanitazama usoni. "Na wewe leo umekula nini?" Ilikuwa saa tano asubuhi. Nilimwambia ndimu.

Nimejiuliza mara nyingi kati ya ndimu na zile saa kumi ni kipi kilichoulaza ule mstari, na maoni yangu ni kwamba saa kumi zina hatia kubwa zaidi. Mwili wa mwanamke huyalinda maziwa kwa ukali wa ajabu. Kama chakula hakina kalsiamu ya kutosha, huichukua kwenye mifupa ya mama. Kiwango cha madini ya chuma katika maziwa hakibadiliki sana hata damu ya mama ikiwa haba. Lakini ulinzi huo hauenei kila mahali. Vitamini A, B1 na B12, pamoja na madini joto, hupanda na kushuka katika maziwa kulingana na sahani ya mama, na hapo ndipo matango yangu mawili yalipokuwa yakimwibia mtoto. Wataalamu huonya kwamba mnyonyeshaji anayeshuka chini ya kalori 1,800 kwa siku huanza kukosa virutubishi, na kwamba chini ya 1,500 hapafai kabisa. Mimi sidhani kama nilifika 1,000.

Kupungua polepole ni habari nyingine. Mwaka 2000 ulichapishwa nchini Marekani utafiti wa wanyonyeshaji 40 wenye uzito uliozidi, ambapo waliopunguza chakula kidogo na kufanya mazoezi, kuanzia mtoto alipokuwa na wiki nne, walipungua takriban nusu kilo kwa wiki, na watoto wao walikua sawasawa na wale wa kundi ambalo halikubadili chochote. Nusu kilo kwa wiki basi ndiyo kasi niliyoichukua kama ukomo, na kusema kweli sijawahi kuifikia.

La kwanza nililorekebisha halikuwa chakula. Sheria ile ile ya likizo inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Nilikwenda kwa afisa utumishi nikiwa nimekariri hotuba nzima, naye akanijibu kwamba fomu iko kwenye droo ya pili, hakuna aliyewahi kuiomba. Kuanzia hapo kila adhuhuri nilipanda bodaboda hadi Nkuhungu, nikanyonyesha ziwa zote mbili, nikala mezani, nikarudi. Saa nne asubuhi nilijifungia kwenye chumba cha majalada nikakamua. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne nje ya jokofu na hadi siku nne ndani yake, ila kwa joto la hapa mwezi wa kumi na moja sikuthubutu kuyaacha mezani. Yalikaa kwenye friji ya ofisi, ndani ya mfuko wa karatasi, karibu na soda za wenzangu. Usiku nilirudisha vipindi vyote nilivyokuwa nimeanza kuvikwepa, kwa kuwa prolaktini hupanda zaidi usiku.

La pili lilikuja na mama mkwe wangu, kutoka Mvumi, akiwa na kiroba cha unga wa uwele, kunde, ubuyu wa asili, na mlenda mkavu. Kwa msomaji asiye wa huku, mlenda huo ni majani yanayochumwa porini wakati wa mvua zetu chache, kati ya Desemba na Aprili, yakaanikwa na kutwangwa, ili kaya iwe na mboga miezi yote ambayo ardhi haina kitu. Mimi niliyekulia pwani nilikuwa naula kwa adabu ya ukwe. Safari hii nilisimama jikoni nikatazama. Aliinjika maji, akatia kipande cha magadi kisichozidi punje ya mahindi, akamwaga viganja viwili vya unga wa mlenda na kupekecha hadi povu la kijani likapanda na kushuka, kisha akaongeza nyanya mbili na karanga za kutwanga, kiasi cha kiganja kimoja. Mafuta hakuyagusa. Nilimwambia kwamba magadi huharibu baadhi ya vitamini, hasa B1 na C, tukiacha je? "Bila magadi hauvutiki, mwanangu," alinijibu, na hapo mjadala ukafungwa. Magadi yalibaki, nilichofanya ni kuhakikisha pana kitu kibichi pembeni.

Lazima niseme wazi kwamba uwele haupunguzi mtu. Gramu mia za unga wake zina nishati karibu sawa na za sembe, na anayekula mlima wa ugali wa uwele atanenepa kama anayekula mlima wa sembe. Faida yake ni kwamba una protini, nyuzinyuzi na madini ya chuma kwa wingi zaidi kuliko mahindi yaliyokobolewa, na tonge za ukubwa wa ngumi mbili, pamoja na mlenda na kunde, zilinishikilia hadi jioni bila kutafuta mandazi ya saa kumi. Nilichofyeka kwa kweli ni vinywaji. Uji ulibaki kikombe kimoja asubuhi, chenye kijiko kimoja cha chai cha sukari na siagi ya karanga, kwa kuwa nilitaka mafuta yale ya karanga yanipeleke hadi mchana. Soda niliacha, kwani chupa ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Chai niliisogeza mbali na chakula, kwa saa moja au zaidi, maana majani ya chai huzuia madini ya chuma ya kwenye mboga na nafaka yasifyonzwe, na mahali pake mezani pakachukuliwa na ubuyu uliolowekwa, ambao vitamini C yake hufanya kinyume chake. Nazungumzia ubuyu mweupe wa kwenye mbegu. Ule mwekundu wa kwenye pakiti ni peremende.

Protini ndiyo iliyonisumbua mfuko. Mayai mawili kwa siku, dagaa mara tatu kwa wiki walioliwa wazima na mifupa yao, samaki wa bwawa la Mtera walipopatikana sokoni Majengo, na kunde au maharage siku nyingine zote. Jumamosi moja moja tulikwenda mnadani Msalato, na sioni sababu ya mnyonyeshaji kuinyima nafsi yake nyama ya mbuzi iliyochomwa mbele ya macho yake, mradi ile sahani ya chipsi ibaki kwa anayeihitaji. Mvinyo wa zabibu zetu niliuacha upewe wageni. Nimesikia wakisema kwamba pombe kidogo huleta maziwa, na ukweli ni kwamba pombe huzuia ile oksitosini inayoyasukuma yatoke, na yenyewe huingia kwenye maziwa.

Mazoezi yangu yalikuwa kutembea na mtoto mgongoni kwa mbeleko, jioni, upepo na vumbi likiwa limetulia. Sina zaidi la kusema juu yake.

Wiki ya kumi na nane mshale wa kliniki ulisimama kwenye 6.2. Muuguzi alichora nukta, akaunga, mstari ukainuka, akamwita aliyefuata. Mimi wiki hiyo nilikuwa nimerudisha kilo moja, kutoka 67 hadi 68, na kwa mara ya kwanza tangu nijifungue sikuhuzunika. Kutoka hapo nilipungua kama anayeshuka ngazi za mawe gizani: nusu kilo, kisha wiki tatu bila kitu, kisha robo. Mwezi wa sita mtoto alipoanza chakula huku akiendelea kunyonya nilikuwa na 66. Mwezi wa tisa nilikuwa na 64.

Mwezi huo wa tisa mama alikuja tena kutoka Tanga. Alimkuta mjukuu wake akichovya vidole kwenye mlenda na kuvuta nyuzi hadi kidevuni, akacheka mpaka akakaa. Kesho yake alfajiri nilisikia chupa ya maua mekundu ikioshwa. Nilikwenda jikoni nikamwomba atie vijiko viwili vya sukari kwenye chupa nzima. Hakubisha. Alikoroga, akaonja kwenye kiganja, akakunja uso. "Huu ni uji wa wodini," akasema. Kisha akajimiminia kikombe chake kando, akakitia sukari anavyopenda yeye, akanipa mimi cha kwangu, na tukanywa tumesimama kwa sababu mtoto alikuwa amelala kwenye kochi.